Maji Yaliyoingia Nyumbani Kwenu Yalitoka Wapi?

Katibu wa kikundi kimoja cha akina mama kutoka Kakola, chini ya Ahero katika Kaunti ya Kisumu, ameniandikia hivi:

"Mwalimu, habari za kazi. Kikundi chetu kina akina mama 26 na wanaume 5. Tangu 2020 tumepanda miche zaidi ya elfu mbili kando ya Mto Nyando. Mwaka 2024 maji yalituingilia usiku hivyo hivyo, tukalala shuleni wiki tatu. Sasa tuna akiba ya shilingi 400,000 na tumeahidiwa nyongeza kutoka mfuko wa wadi. Nusu yetu wanataka tukodi eskaveta tuinue tuta la mto upande wetu. Wengine wanasema tupeleke miche Nandi maana maji yanatoka huko. Mzee wetu mmoja yeye anasema tunahangaika bure, Uganda ndio wamefunga geti. Mkutano ni Jumapili. Tufanye nini?"

Mama Katibu, salamu kwako na kwa wote thelathini na mmoja. Niseme la haraka kwanza ili mkutano wenu usinisubiri: msikodi eskaveta. Miche ya Nandi nayo ikae kitaluni kidogo. Sababu nitazieleza kwa kirefu, lakini kabla ya hapo nina swali langu mimi, na ningeomba mlijibu mkiwa mmekaa pamoja, kila mtu asimulie ya kwake: usiku ule, maji yaliingia kutoka upande gani?

Sifanyi mzaha. Sisi wa uwanda wa Kano huyataja mafuriko kama mgeni mmoja. Kwa miaka niliyozunguka uwanda huu na rula na daftari nimekutana na wageni watatu, na dawa ya mmoja haimponyi aliyetembelewa na mwingine. Nimeona vikundi vikimaliza akiba ya miaka mitano kumzuia mgeni ambaye hata hakuwahi kufika kwao.

Wa kwanza ni maji ya mto. Nyando unazaliwa kule juu, katika vilima vya Nandi, Tinderet na Londiani, sehemu nyingine zikiwa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 1,134 hivi. Sehemu kubwa ya mteremko huo mto unaumaliza kabla ya kufika kwenu. Ukishaipita Muhoroni unakuta ardhi imelala kama meza, na maji yaliyokuwa yakikimbia yanaanza kusitasita na kutafuta pa kutawanyika. Mvua ya nyanda za juu hupenda kunyesha alasiri na jioni, ndiyo maana wimbi lake hufika kwenu watu wamelala. Maji haya utayajua kwa rangi yake ya chai ya maziwa, kwa mabua ya mahindi na magogo yanayoelea, na kwa haraka yake. Huja hata siku ambayo Kakola haijapata tone. Hushuka baada ya siku chache na kuacha tope sebuleni.

Wa pili ni maji ya shamba, yaani mvua iliyonyesha hapo hapo kwenu ikakosa pa kwenda. Udongo wetu mweusi ule wa pamba una tabia ya ajabu. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono. Mvua za kwanza hunywewa zote na nyufa hizo, halafu udongo huvimba, nyufa hufunga, na kutoka siku hiyo shamba ni kama sakafu ya simiti. Maji haya hayana kasi. Hupanda taratibu, ni meusi meusi, vyura huyashangilia, na hukaa wiki baada ya wiki mpaka vyoo vinabomoka. Mara nyingi utakuta kinachoyazuia ni kitu tulichokijenga wenyewe: barabara iliyoinuliwa bila kalvati za kutosha, tuta la reli, au mtaro ambao jirani aliufukia akapanda nduma.

Wa tatu ni ziwa. Hili huja bila mkondo wowote. Hupanda kidole kwa kidole kutoka magharibi, likibeba gugumaji, na mvua ikikoma halirudi. Watu wa Ogenya na wale wa fuo za Kadibo wanalijua vizuri. Mei 2020 Ziwa Victoria, Nam Lolwe yetu, lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja kule Uganda na kuipita kwa unywele rekodi ya Mei 1964 ya mita 13.41. Mei 2024 likaipita hata hiyo. Ziwa likiwa juu kiasi hicho mdomo wa mto unakuwa kama umezibwa. Maji ya Nyando yanafika mwisho wa safari na kukuta mlango umejaa, basi yanarudi nyuma na kupanda kingo.

Hapo ndipo mzee wenu anapoingia, na nisingependa mumcheke. Geti lipo kweli. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa 1954, na tangu hapo maji yanayotoka ziwani kuingia Mto Naili hupita mikononi mwa binadamu. Lakini hebu tazameni hesabu ya ziwa. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 68,800, na takriban asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito yote ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi ikijumlishwa inaleta sehemu ndogo iliyobaki. Mvua kubwa zilizoanza 1961 zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili, na huko Jinja geti lilikuwa likiendeshwa kwa kufuata mtiririko ule ule ambao mto ungeutoa wenyewe. Kwa hiyo mwambieni mzee kwamba geti linaweza kusaidia kidogo au kudhuru kidogo, lakini chanzo hasa ni mawingu. Na kwa hesabu hiyo hiyo, anayeishi Ogenya asidanganywe kwamba miche ya Nandi itamshushia ziwa. Haitalishusha.

Sasa turudi Kakola. Kwa jinsi ulivyosimulia (usiku, kwa ghafla, kisha wiki tatu shuleni) nadhani mlitembelewa na wageni wawili kwa zamu. Maji ya mto yaliwatoa nyumbani, halafu maji ya shamba yakawazuia kurudi. Mkiulizana Jumapili mtajua kama nimekosea. Chukueni karatasi kubwa, choreni mto, barabara, shule na nyumba zenu, na kila mmoja achore mshale wa maji yaliyomwingilia na kuandika yalikaa siku ngapi. Mchoro huo utawafaa kuliko ripoti ya mtaalamu yeyote, nikiwemo mimi.

Tuzungumze juu ya tuta, maana najua ndilo linalowasha moto mkutanoni. Tuta lina mvuto. Unaliona, unalipanda, unapigwa picha juu yake na mheshimiwa. Lakini waulizeni wenzetu wa Budalang'i. Mto Nzoia unaanzia Cherangani na Mlima Elgon, na kule chini wakazi wa Bunyala, huko huko Budalang'i, walijengewa matuta marefu miaka ya 1970 na 1980. Yalivunjika 2003, yakavunjika 2008, yakavunjika 2020, na hiyo si orodha kamili. Walioyajenga walikuwa mafundi wa kweli, kwa hiyo tatizo halikuwa ufundi tu. Tuta linauzuia mto usitawanyike, basi tope ambalo zamani lilienda mashambani linalala mtoni. Mwaka hadi mwaka kitanda cha mto kinapanda, na siku moja unagundua mto unapita juu kuliko mahindi yako. Tuta likipasuka wakati huo, maji hayaji kwa kupanda polepole kama zamani. Yanaanguka. Na waliolala nyuma ya tuta ni wengi kuliko zamani, maana tuta limewapa usingizi.

Halafu kuna matundu. Panya, mchwa, mizizi ya mti uliokauka, njia ya ng'ombe wanaoshuka kunywa, kijana aliyechimba udongo wa matofali, bomba la pampu lililopitishwa katikati. Tuta huanzia kuvunjika kwenye tundu la ukubwa wa kikombe. Linataka mtu wa kulikagua kila wiki, miaka yote, na 400,000 yenu italipa eskaveta kwa siku chache kisha hakuna atakayemlipa mkaguzi.

Lililobaki kuhusu tuta ni la ujirani. Mkiinua upande wenu peke yake, maji hayapungui hata lita. Yanahamia ng'ambo. Wale wa ng'ambo nao wana chama, wana akiba, na wanajua eskaveta inakodiwa wapi. Ndiyo sababu moja inayofanya sheria iwatake mpate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kugusa mto na kingo zake, na Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji maji ili pande zote mbili zikae meza moja. Kama kweli mnaona pana sehemu ya ukingo iliyobomoka na inayohitaji kuzibwa, pitieni chama cha watumiaji maji cha eneo lenu na muwe na wa ng'ambo ndani ya chumba.

Na miti? Hapa nitawaudhi baadhi yenu. Miche yenu elfu mbili haikushindwa kazi. Ilipewa kazi isiyo yake. Mti wa ukingoni unashika ukingo usimomonyoke, na kama mlipanda ya kienyeji, au mianzi, kazi hiyo inafanywa. (Kama ni mikaratusi, iondoeni ukingoni taratibu na mpande kingine.) Lakini hakuna mti unaozuia mto kufurika kwa kusimama kando yake.

Tupige hesabu pamoja. Bonde la Nyando lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 3,600. Chukua robo yake tu, 900, na uiangushie mvua ya milimita 40 jioni moja. Milimita moja juu ya kilomita moja ya mraba ni mita 1,000 za ujazo. Hapo umepata mita milioni 36 za ujazo. Tuseme nusu yake ilinywewa na udongo na nusu ikaingia mtoni: milioni 18. Ukiyapakia kwenye malori ya maji ya lita elfu kumi unahitaji malori milioni moja na laki nane, na yote yanapita chini ya daraja la Ahero usiku mmoja na kipande cha siku. Ndiyo maana nilisema miche isubiri.

Msielewe kwamba nadharau kazi ya kule juu. Nimeifanya sehemu kubwa ya maisha yangu. Msitu wenye udongo mzuri unakunywa mvua za kawaida na kuzitoa kidogo kidogo, na mafuriko madogo, yale ya kila mwaka, hupungua. Lakini mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo, udongo wa msitu nao hushiba, na mvua ya wiki ya tatu inateremka kama inavyoteremka kwenye shamba la mahindi. Mafuriko makubwa, ya 1961, ya El Niño ya 1997, ya 2020, ya 2024, hayaombi ruhusa kwa msitu. Mnachokipata kutoka juu ni kitu kingine, na kwa maoni yangu ni kikubwa: tope linapungua. Nyando ni miongoni mwa mito inayobeba udongo mwingi zaidi kuingia ziwani upande wetu wa Kenya. Udongo huo ndio unaopandisha kitanda cha mto na kuziba mitaro. Kila lori la udongo linalobaki Tinderet ni kina kinachobaki Ahero. Ni akiba ya miaka kumi ijayo. Mvua za msimu huu hazitaiona.

Na udongo huo hautoki mnakofikiri. Wageni wakienda Nandi na Kericho huona majani ya chai na kuyalaumu. Chai iliyokomaa inafunika ardhi vizuri kama blanketi. Udongo unatoka kwenye mahindi yaliyolimwa kwa kufuata mteremko, kwenye mashamba ya miwa yaliyotoka kuvunwa, na zaidi ya yote unatoka barabarani na kwenye njia za ng'ombe. Barabara ya changarawe ni mto usio na jina. Hukusanya maji ya kilima kizima, na pale mtaro wake unapomwagika ndipo korongo linapozaliwa. Nendeni Katuk Odeyo kule Nyakach mkatazame makorongo yanayoweza kumeza nyumba, kisha mpande juu mkifuata yalikoanzia. Mara nyingi utakuta njia ya mifugo au mdomo wa mtaro.

Nina kisa cha makorongo ambacho sipendi kukisimulia. Nikiwa kijana mwenye cheti kipya niliongoza vijana wenzangu kujenga vizuizi vya mawe ndani ya korongo moja huko huko Nyakach. Tulivijenga virefu, vikafika kifuani, na juu tukavisawazisha vizuri kwa kamba kama ukuta wa nyumba. Nilijivunia ile kamba. Mvua kubwa ya kwanza ilifika, ikakuta ukuta ulionyooka, ikatafuta pembeni penye udongo laini. Ilipofika Juni korongo moja lilikuwa matatu. Mwenye shamba hakunitukana. Aliniita nije nione, akasimama pembeni yangu, akanyamaza.

Tangu siku ile kizuizi changu hakipiti urefu wa goti. Katikati nakiacha kibonde, chini kuliko pembeni, ili maji yapite hapo na siyo ubavuni. Mawe yanaingia ndani ya kingo zote mbili kwa mkono mzima, na upande wa chini natandika mawe mengine maji yaangukie juu yake. Na sianzi kabla ya kuyageuza maji yanayoingia kichwani mwa korongo. Ukiacha njia ya ng'ombe iendelee kumwaga maji, unajenga kwa pesa za msimu mmoja tu.

Kwa hiyo mkifika wakati wa kupeleka mkono juu, msipeleke miche. Pelekeni nyasi. Mistari ya nepia au vetiva iliyopandwa kwa kukata mteremko inashika udongo msimu wa kwanza, mti utakuwa bado ni kijiti. Mstari unapimwa kwa fremu ya A: fito mbili za mita mbili zilizofungwa juu, moja fupi ya kuunganisha katikati, na jiwe linaloning'inia kwa uzi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuitumia baada ya asubuhi moja. Wengine watawaambia mchimbe matuta ya fanya juu, yale ya mtaro ambao udongo wake hurushwa upande wa juu, kama Machakos. Machakos ni kukavu, tuta linalolala sawa linashika maji ya thamani. Kericho inapata mvua nyingi, na tuta lisilo na mteremko kidogo wa kutoa maji pembeni, kwenye mtaro uliooteshwa nyasi, litajaa na kupasuka, na ukilijenga kwenye mteremko mkali linaweza kuondoka na shamba. Nyasi hazina hatari hiyo.

Lakini kwa nini mkulima wa Tinderet apande nyasi kwa ajili ya mtu wa Kakola? Hatapanda. Tuseme ukweli, mpaka huu wetu umeona wizi wa ng'ombe na mishale, na barua ya kuomba hisani haitafika mbali. Atapanda nepia kwa ajili ya ng'ombe wake wa maziwa, na atapanda zaidi kama kuna mnunuzi. Ninyi kiangazi mnakosa malisho. Soko la Sondu lipo, watu wa juu na wa chini wanakutana hapo tangu zamani na kuelewana kwa Kiswahili hiki hiki tunachoandikiana. Nunueni marobota yao. Kila mstari wa nepia anaokatia ng'ombe wake unawafanyia kazi ninyi, na hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha wala hisani.

Basi zile 400,000. Ningekuwa mwanachama wenu ningepigania hivi. Pesa ya wadi, ambayo ni ya umma, iende kwenye vitu vya umma, yaani kalvati na mitaro. Katika ule mchoro wenu tafuteni mahali maji yalipokaa siku nyingi, na mwangalie barabara iko upande gani. Mara nyingi kalvati mbili kubwa zinamaliza kero ya kijiji kizima, na zilizopo zimezibwa na chupa na mabua. Kuzizibua ni siku mbili za jembe na sururu kabla ya mvua za Machi. Msione ni kazi ya kitoto. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, kule Mai Mahiu upande wa Nakuru, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia yake ya chini ilizibwa na miti na matope. Tuta lilipoachia, zaidi ya watu 40 walikufa. Mitaro ikifunguliwa, fuateni maji mpaka yanapoishia, msije mkayapeleka mlangoni kwa mtu. Na yale mafunjo ya mdomoni mwa mto, togo zetu, yanayochomwa kila kiangazi ili watu walime, yaacheni yasimame. Ndipo pekee palipobaki pa maji kutawanyika na tope kutua bila kumwingilia mtu.

Pesa yenu wenyewe, karibu yote, iwekeni majumbani. Najua haina sherehe. Lakini mgeni wa kwanza na wa pili wote wanaishia kwenye kizingiti, na kizingiti kilichoinuliwa kinawafaa wote wawili. Pimeni alama ya maji ya 2024 ukutani, ongezeni urefu wa mkono mmoja, na hapo ndipo sakafu mpya iwe, juu ya udongo ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka na kufungwa na mawe au magunia ya udongo uliochanganywa na simiti. Wazee wetu waliiweka dero, ghala lao la nafaka, juu ya nguzo na mawe, nafaka isiguswe na panya wala maji. Sijui ni lini tulianza kuweka magunia ya mpunga chini ya kitanda. Vyoo viinuliwe pia, na shimo lijengewe ndani kwa matofali maana udongo mweusi unavimba na kuvunja shimo lolote lisilojengewa. Visima vijengewe kola ndefu na mfuniko. Kipindupindu huja baada ya maji kushuka, watu wakiwa wameshapumua.

Hamtaweza kuinua nyumba 31 kwa mara moja. Anzeni na za wajane, na za wenye watoto wadogo, kisha mzunguke kama mnavyozunguka kwenye chama. Na inueni mahali pamoja pa ng'ombe. Nimeona watu wanarudi majini usiku kumfuata ng'ombe, na sitaki kueleza zaidi.

Kiasi kidogo, hata hakifiki 20,000, kibaki kwa jambo ambalo kama mngekuwa na shilingi moja tu ningewaambia muanze nalo: kujua mapema. Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari, na redio za kwenu huisoma kwa Dholuo, lakini tahadhari inasema "maeneo ya Nyanza" wakati ninyi mnataka kujua kama mtatoka usiku wa leo. Tafuteni mtu Londiani na mwingine Koru au Muhoroni. Mnaowauzia mpunga, mlioozesha kwao, walimu, wachungaji. Wawekeeni kila mmoja kopo lenye pande zilizonyooka uani, mbali na paa na miti, na rula ya shule. Kila asubuhi anapima milimita ngapi na kutuma kwa simu. Ninyi mnachora rula kubwa kwenye nguzo ya daraja, kwa ruhusa ya wenye daraja: kijani, njano, nyekundu. Nyekundu ianzie mahali ambapo bado mna nafasi ya kuondoka kwa miguu. Si mahali maji yanapogusa mlango. Andikeni kila siku ya mvua: huko juu ilinyesha saa ngapi na kiasi gani, hapa yalipanda saa ngapi na mpaka rangi gani. Baada ya misimu miwili daftari hilo litawaambia mna saa ngapi kati ya simu ya Londiani na maji ya Kakola. Mimi siwezi kuwapa saa hizo kutoka mezani kwangu. Zinategemea mvua ilianguka upande gani wa bonde, mto ulikuwa na kiasi gani tayari, na ziwa liko wapi.

Jambo moja litawagombanisha kwenye hili la rula: nani ataisoma saa nane za usiku. Wataalamu wanaokuja na mitambo huwa wanamwachia chifu au naibu wake, na naibu wa chifu naye hulala. Pale darajani karibu na steji pana vijana wa bodaboda wanaokesha wakisubiri abiria wa mabasi ya usiku. Wako watatu au wanne kila usiku, wana tochi, wana pikipiki, na wanazijua nyumba zenu zote. Wanunulieni chai ya kila usiku wa Aprili na Mei na muwape namba tano za kupigia. Nilipopiga hesabu, chai hiyo ya miezi miwili ilikuja chini ya bei ya eskaveta ya siku moja, maandazi yakiwemo.